Amri Itafsiriwe, Kitufe Kiachwe

Ni jambo la kawaida katika vyuo vikuu vya humu nchini kumkuta mwanafunzi wa Kiswahili aliyebobea katika mofolojia, ambaye hatishwi na ngeli wala minyambuliko, akipigwa na butwaa mbele ya tarakilishi iliyokataa kutii amri ya vitufe viwili. Amebonyeza Ctrl na S ili kuihifadhi sura ya tatu ya tasnifu yake. Kilichotokea ni kitu kingine kabisa, au hakikutokea kitu. Aghalabu humwita mwenzake wa sayansi ya tarakilishi, tatizo likatatuliwa kimyakimya, naye akarejelea uandishi wake asijue lililomsibu wala lililomwokoa. Dhana inayomwongoza ni kwamba mambo ya vitufe yana wenyewe, na wenyewe hawamo katika Idara ya Kiswahili.

Dhana hiyo haina mashiko. Matatizo mengi ya vitufe vya mkato katika vihariri matini, viwe Word ya Microsoft au Writer ya LibreOffice, ni matatizo ya ishara, ya hati na ya tafsiri, na hayo ni mambo yanayofundishwa katika idara hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, wapo wapenzi wa Kiswahili wanaokiri kwamba suala hili linatuhusu, lakini wanalitafutia dawa isiyofaa. Wao hupendekeza kwamba programu inapotafsiriwa, herufi za vitufe nazo zifuate Kiswahili: H iwe ya kuhifadhi, N ya kunakili, B ya kubandika. Pendekezo hilo linavutia masikio ya wazalendo. Lingetekelezwa, lingewapotezea wanafunzi kazi zao.

Yafaa kuanza na hulka ya kitufe cha mkato chenyewe. Kila mwanafunzi wa isimu amepata kusikia mafunzo ya Ferdinand de Saussure, yaliyochapishwa mwaka 1916, kwamba uhusiano baina ya kitaja na kitajwa ni wa kinasibu. Vitufe vya mkato ni mfano mzuri wa unasibu huo, japo kwa juu juu huonekana kuupinga. Ni kweli kwamba S ilichaguliwa kwa sababu ya neno la Kiingereza. Lakini Z, X na V, zinazotumiwa kutendua, kukata na kubandika, si herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana hizo. Mbinu ya kukata na kubandika matini ilibuniwa na Larry Tesler pamoja na Tim Mott katika maabara ya Xerox PARC huko Marekani miaka ya 1970, na tarakilishi ya Lisa ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1983, ikazipa kazi hizo herufi Z, X, C na V. Herufi hizo nne zimepangana bega kwa bega katika safu ya chini ya kibodi, hatua chache kutoka kitufe cha amri, ili mkono wa kushoto uzifikie huku wa kulia ukishika kipanya. Hapo msamiati haukutawala. Vidole ndivyo vilivyotawala. Na mwandishi mzoefu, awe Mwingereza au Mgiriama, anapobonyeza Ctrl na S hafikirii neno lolote. Kidole kimeshajua njia.

Wanaodhani kwamba tafsiri ya vitufe ni heshima kwa lugha na wautazame mfano wa Kihispania. Katika Word ya Kihispania, Ctrl na G huhifadhi faili kwa sababu neno lao la kuhifadhi huanza kwa G. Ctrl na N hukoleza wino, Ctrl na B hutafuta, na Ctrl na S hupigia matini mstari. Mtu aliyezoea programu ya Kiingereza akiketi mbele ya mashine hiyo, kila anapodhani anahifadhi, huwa anawasha au kuzima mstari wa chini ya maneno. Kama hakuchagua neno lolote, haoni mabadiliko yoyote kwenye skrini hadi atakapoendelea kuandika. Umeme ukikatika hapo, kazi ya alasiri nzima imeenda na maji. Naye Mhispania akivuka mpaka kwenda kwenye programu ya Kiingereza, G yake humfungulia kidirisha cha kurukia ukurasa. Wafaransa walihamisha kitufe cha kukoleza wino kikawa G. Waswidi wakakipeleka kwenye F. Hao wote, wengi wao wana tarakilishi zao binafsi, za lugha yao, nyumbani na ofisini. Hasara kwao ni ya safari chache za ugenini.

Hali ya mwanafunzi wa Kenya ni tofauti. Asubuhi yumo katika maktaba ya chuo, mchana katika saiba ya mjini, usiku ameazima kipakatalishi cha mwenzake wa chumbani, na flashi yake ndiyo inayomfuata kote huko. Kwake yeye, ugenini ni kila siku. Ebu Ctrl na B iwe ya kubandika katika mashine moja: katika ile ya pili atakuta wino umekolezwa badala ya aya kubandikwa. Ctrl na N akiizoea kwa kunakili, atafunguliwa ukurasa mtupu kwingine. Ctrl na K, aliyoizoea kwa kukata, itamletea kidirisha cha kuweka kiungo. Na Ctrl na H, ambayo ndiyo ingekuwa fahari ya Hifadhi, katika Word ya Kiingereza hufungua kidirisha cha kubadilisha maneno katika waraka mzima, mahali ambapo mtu aliyechoka anaweza kufanya uharibifu mkubwa kwa mibonyezo miwili. Kiswahili hakitapata hadhi kwa njia hiyo. Kitapata lawama.

Kuna, hata hivyo, aina nyingine ya herufi ambayo ni lazima ifuate Kiswahili, na huchanganywa mno na hii ya kwanza. Katika menyu za programu nyingi, kila amri ina herufi moja iliyopigiwa mstari. Mtu akibonyeza Alt, kisha herufi hizo moja baada ya nyingine, hupita ndani ya menyu bila kugusa kipanya. Herufi hii haihifadhiwi na vidole. Husomwa machoni kutoka katika neno lenyewe. Kwa hivyo haiwezi kuwa herufi isiyomo katika neno, na neno likitafsiriwa, nayo hubadilika. Hapa ndipo mofolojia ya Kiswahili inapoingia kwa kishindo.

Chukua amri tatu za kawaida: Fungua, Funga na Futa. Zote zinaanza kwa Fu. Mfasiri asiye mwanaisimu atasema achague herufi nyingine kutoka ndani ya neno. Lakini fungua ni zao la funga lililopachikwa kiambishi cha kutendua, na kiambishi hicho ni u, irabu ambayo tayari imo katika mzizi. Matokeo yake ni kwamba maneno haya mawili, yenye maana zinazopingana kabisa, yana herufi zile zile tano: f, u, n, g, a. Hakuna herufi iliyomo katika moja isiyokuwamo katika jingine! Hakuna ufumbuzi wa kimantiki hapo. Kuna maafikiano tu. Fungua ikipewa F na Funga ikapewa G, basi iwe hivyo katika programu zote, milele. Mfasiri mmoja akifuata mpango huo na mwingine akaugeuza, mtumiaji atafunga alichotaka kufungua.

Afadhali hao waliotumia kauli ya kuamuru. Wapo waliowahi kupendekeza amri ziandikwe kwa kitenzi-jina: kufungua, kufunga, kuhifadhi, kunakili, kuchapisha. Kisarufi hakuna kosa. Katika menyu, hata hivyo, kila neno lingeanza kwa K, na jicho linalopitia orodha kutoka juu kwenda chini lingekosa mahali pa kushika. Wanaohakiki istilahi kwa kuangalia usahihi wa maana pekee, bila kuyaona maneno yakiwa yamepangwa yanavyopangwa kwenye skrini, hawawezi kuiona kasoro hii.

Kazi ya msingi ilishafanywa, na waliofanya wanastahili shukrani. Jambo OpenOffice, iliyotokana na juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 2004. Microsoft nayo ikatoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Office 2003. Mijadala iliyofuata katika makongamano yetu ilikuwa mikali, ila karibu yote ilihusu nomino: tarakilishi au kompyuta au ngamizi, mdahalishi au mtandao. Wachache walijadili vitenzi, na herufi zilizopigiwa mstari hazikupata mtetezi.

Tukirudi kwa yule mwanafunzi aliyekwama: afanyeje? Swali la kwanza analopaswa kujiuliza ni kama kitufe kimekataa katika programu zote au katika moja tu. Na afungue Notepad, au kihariri chochote chepesi, ajaribu mbonyezo ule ule. Ukikataa huko pia, kihariri matini chake hakina hatia. Lawama ni ya kibodi yenyewe, ya mpangilio wake, au ya programu nyingine iliyojificha chinichini na kuuteka mbonyezo huo kabla haujafika. Ukikubali huko, basi tatizo limo ndani ya kihariri. Utaratibu huu ni sawa na wa mwanafonolojia anayetafuta jozi sahili: badilisha kitu kimoja, shika vingine vyote vile vile.

Chanzo kinachowatesa wengi zaidi nchini ni mpangilio wa kibodi. Ni nani hajawahi kubonyeza Shift na 2 katika saiba akitafuta alama ya @ ya barua pepe, akapata alama ya mtajo? Mpangilio wa Uingereza na ule wa Marekani umezibadilishana nafasi alama hizo mbili, na mashine nyingi zina mipangilio yote miwili kwa pamoja. Windows kwa kawaida hubadilisha lugha ya uingizaji mtu anapobonyeza Alt ya kushoto pamoja na Shift, na huweza kubadilisha mpangilio kwa Ctrl na Shift. Bahati mbaya ni kwamba Ctrl na Shift pamoja na mshale ndiyo njia ya kuchagua neno zima. Mwandishi huchagua maneno siku nzima, kisha hushangaa kwamba kibodi imejigeuza yenyewe. Tiba ni kuingia katika mipangilio ya lugha ya Windows, kuuondoa mpangilio usiotakiwa, au kuizima kabisa mibonyezo hiyo ya kubadilishia. Katika Windows 10 na 11, kitufe cha Windows pamoja na upau wa nafasi huonyesha mara moja ni mpangilio upi unaotumika.

Vipakatalishi vya mitumba vimeongeza balaa. Kilichotoka Ujerumani kina Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Mtu mwenye mazoea ya kibodi ya Kiingereza akitaka kutendua kosa, kidole chake kinatua kwenye Y, na amri inayotekelezwa ni ya kutenda upya. Kibodi ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya kila siku kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa Bujumbura au Lubumbashi, ina W mahali ambapo Wakenya wanatarajia Z. Mgeni anayetaka kutendua hubonyeza Ctrl na W, nayo hufunga waraka. Angalau programu humwuliza kama angependa kuhifadhi kwanza, na wengi, kwa hamaki, hujibu la.

Kikiwa kihariri chenyewe ndicho chenye tatizo, mara nyingi kuna mtu aliyekigeuza, na mara nyingi mtu huyo ni mwenye mashine. Wanafunzi wa isimu ndio wanaohusika zaidi. Uchanganuzi wa sauti za Kiswahili hauandikiki bila ŋ, ɲ, ð, θ na ɣ, na anayelinganisha Kiswahili na Gĩkũyũ au Kikamba atahitaji ĩ na ũ. Word huruhusu kila alama itengewe vitufe vyake. Mwanafunzi huchagua, kwa mfano, Ctrl, Alt na N kwa ajili ya ŋ, asisome maandishi madogo kwenye kidirisha yanayomwambia kwamba mbonyezo huo tayari una kazi nyingine, ya kubadilisha mwonekano wa waraka. Kutoka siku hiyo kazi ya zamani imekufa. Isitoshe, Windows huichukulia AltGr, ile Alt ya kulia katika kibodi za Ulaya, kuwa sawa na Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja. Kwa hivyo anayetenga mibonyezo ya Ctrl na Alt ovyo huweza kuzima herufi ambazo mwenye kibodi hiyo huzipata kwa AltGr.

Kisha kuna swali la makao. Vitufe hivyo vipya huhifadhiwa katika kiolezo kinachoitwa Normal, ambacho kimo ndani ya mashine, si ndani ya tasnifu. Katika maabara ya chuo ambako mashine hufutwa na kurejeshwa upya kila jioni, kazi yote hiyo ni ya siku moja. Katika kidirisha kile kile pana kisanduku cha kuchagua mahali pa kuhifadhi mabadiliko; mwanafunzi akilichagua jina la waraka wake mwenyewe, vitufe vitasafiri ndani ya flashi pamoja na tasnifu hadi katika Word ya mashine yoyote. Ni jambo la nukta moja ambalo lingewaokolea watafiti wengi saa nyingi, na halifundishwi.

Asiyependa kutenga vitufe ana njia nyingine. Huandika msimbo wa alama, kisha akabonyeza Alt na X: 014B ni ŋ, 0272 ni ɲ, 0263 ni ɣ, 0129 ni ĩ na 0169 ni ũ. Lakini hata hapa Kiswahili kina mtego wake. Misimbo hiyo hutumia tarakimu pamoja na herufi A hadi F. Silabi za Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu, na irabu a na e zimo katika orodha hiyo. Anayeandika msimbo papo hapo baada ya ka- au ye- humezewa irabu yake na kuhesabiwa kama sehemu ya msimbo, kikatokea kitu kisichojulikana. Dawa ni kuchagua tarakimu za msimbo pekee kabla ya kubonyeza Alt na X. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Waingereza hauna sababu kubwa ya kulitaja tatizo hili, kwa kuwa maneno yao mengi huishia kwa konsonanti.

Alama ya ritifaa nayo haijapewa uzito unaostahili. Kihariri matini huipinda ritifaa kulingana na kilichoitangulia. Katika ng'ombe huipinda vizuri, isipokuwa kwamba kwa programu nyingi za kuhesabu maneno, ng'ombe yenye ritifaa iliyonyooka na ng'ombe yenye ritifaa iliyopinda ni maneno mawili tofauti. Mtafiti wa kongoo asiyelitambua hilo atatoa takwimu za uongo kwa nia njema. Katika ushairi hali ni mbaya zaidi. Mhariri anayeonyesha inkisari kwa kuweka ritifaa mwanzoni mwa neno, 'mefika badala ya amefika, hugeuziwa ritifaa yake ikawa alama ya kufungulia mtajo, na mtajo huo haufungwi kamwe. Diwani nzima huweza kuchapishwa na kasoro hiyo katika kila ubeti. Katika Word, Ctrl na ritifaa, kisha ritifaa tena, huweka alama iliyopinda upande unaofaa. Au mtu aandike ritifaa kama kawaida na kubonyeza Ctrl na Z papo hapo: kinachotenduliwa ni kule kupinda tu, na ritifaa hubaki imenyooka.

Mengine ni madogo. Herufi mpya zikianza kuzila zile zilizo mbele yake, katika Writer au Word za zamani, kitufe cha Insert kimeguswa, kiguswe tena. Herufi C au V ya kibodi ikifa kabisa, Ctrl na Insert bado hunakili, na Shift na Insert hubandika, mibonyezo ya zamani ambayo Windows haijaitupa.

Hata istilahi yenyewe inahitaji kusawazishwa. Njia ya mkato inatumiwa kwa maana mbili: ile picha ndogo kwenye skrini inayofungulia programu, na hii mibonyezo ya kibodi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba njia yake ya mkato imeharibika hajui atazame skrini au vidole. Ingefaa ya kwanza ibaki njia ya mkato na ya pili iitwe vitufe vya mkato, kama yalivyofanya makala haya.

Kazi iliyosalia si kubwa. Katika menyu ya Hariri peke yake, Tendua na Tafuta zinagombania T, Bandika na Badilisha zinagombania B, na Futa haina budi kusubiri kuona kilichobaki. Tendua ikichukua D, Tafuta ikabaki na T, Bandika ikapewa B na Badilisha ikapewa L, kila amri itakuwa na herufi yake, na Futa itajichukulia F bila mshindani. Menyu ya Faili ina mgogoro wake wa Fungua na Funga, pamoja na Hifadhi na Hifadhi Kama. Semina moja ya leksikografia ingeweza kuzipanga zote kabla ya muhula kwisha, mradi iketi mbele ya skrini iliyofunguliwa menyu, si mbele ya ubao.